Mwalimu Amfuate Fundi Saiti

Jumamosi ndiyo siku ya zege Dar es Salaam. Mwenye nyumba hayuko kazini, lori la kokoto limeshusha tangu jana jioni, mashine ya kukodi inanguruma, na vijana wamejipanga kutoka chini hadi juu ya ngazi ya mirunda wakirushiana karai. Ukipita Goba, Bunju, Chamazi au Kigamboni mwisho wa wiki, hukosi saiti ya namna hiyo. Kwa muda sasa nimekuwa nikizipitia saiti hizo, nikisalimia, nikikaa pembeni kwenye rundo la tofali, nikitazama na kuuliza. Nilitaka kuwaona watu wanaoijenga nchi hii, na kujua ni nani aliyewafundisha.

Goba nilikuta wakimwaga jamvi la ghorofa ya kwanza. Mashine iligeuzwa vizuri, saruji ilipimwa kwa mfuko, mchanga na kokoto kwa ndoo, uwiano ule ule ambao kila saidia fundi anaufahamu kwa kichwa: moja, mbili, nne. Maji ndiyo hayakuwa na kipimo. Zege likiwa zito kidogo, vijana wa juu walipiga kelele wakitaka maji, na aliyesimama kwenye mashine akatupia nusu ndoo. Zege likawa laini, karai likawa rahisi kulimimina, kazi ikaenda mbio. Fundi mkuu alikuwa juu, amechuchumaa, akisawazisha kwa ubao. Hakusema neno, maana kwake zege linalotiririka ni zege linalofanya kazi.

Hiyo nusu ndoo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Mfuko wa saruji wa kilo 50 kwa zege la kawaida unahitaji maji kama lita 25 hivi, na mchanga ukiwa umelowa kwa mvua unapaswa kupunguza hata hapo. Saruji haiyatumii yote. Inachukua sehemu inayoihitaji ili ishike, na yanayobaki hukauka taratibu yakiacha vitundu vidogo ambavyo jicho haliwezi kuviona. Kila unapoongeza maji, vitundu vinaongezeka, na nguvu ya zege inapungua. Zege lile lile, kwa saruji ile ile iliyonunuliwa kwa fedha ile ile, linaweza kupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa sababu tu aliyebeba karai amechoka. Na uso wake ukikauka utaonekana mzuri kabisa.

Nisieleweke kwamba nawabeza mafundi. Nimekaa nao muda wa kutosha kujua kuwa wana elimu kubwa mikononi. Kigamboni nilimtazama mzee mmoja akipiga msingi wa nyumba ya vyumba vitatu. Alifunga kamba kwenye vigingi, akapima mita tatu upande mmoja, mita nne upande wa pili, kisha akamwambia kijana wake avute tepu kukatisha. Iliposoma mita tano alitikisa kichwa kukubali: kona imekaa skwea. Ilipozidi kidogo, alisogeza kigingi kwa kukigonga na nyundo mara mbili, akapima tena. Kulinganisha usawa wa kona nne hakutumia mashine yoyote, alitumia mpira mwembamba wa maji, mtu mmoja huku na mwingine kule, wakisubiri maji yatulie. Kazi hiyo aliifanya kwa utulivu na umakini ambao wahandisi wengi wangeuheshimu. Nilipomuuliza alijifunza wapi, alinieleza kuwa alianza kwa kubeba tofali akiwa kijana, akawa anamtazama bwana wake, siku moja bwana wake akaumwa naye akashika mwiko. Hakuna aliyewahi kumwandikia chochote.

Hiyo ndiyo historia ya mafundi wengi. Unaanza saidia fundi, unachanganya udongo, unachota maji, unajua jina la kila kifaa. Ukiwa na bahati, fundi wako ana moyo wa kufundisha. Ukikosa bahati, anakuficha, kwa hofu kwamba utamnyang'anya wateja. Unachokipata kwa njia hiyo ni jinsi ya kufanya. Kinachokosekana mara nyingi ni sababu ya kufanya hivyo, na asiyejua sababu ndiye wa kwanza kuiacha hatua anapobanwa na muda au na bosi anayetaka kubana matumizi.

Chukua mfano wa biskuti. Mafundi huita biskuti vile vipande vidogo vya zege vinavyowekwa chini ya nondo ili zisilale juu ya mbao au ardhi. Saiti moja huko Chamazi nilikuta nondo za msingi zimelala moja kwa moja kwenye udongo, zimesukwa vizuri kabisa, ringi zimepangwa kwa nafasi sawa, waya umekazwa. Kijana aliyezisuka alikuwa na mkono mwepesi, ungependa kumtazama. Lakini biskuti hazikuwapo. Alinieleza kwamba watamwaga zege, kisha watazivuta nondo juu kidogo kwa kulabu. Ndivyo alivyofundishwa. Hakuna aliyemweleza kwamba nondo inahitaji kufunikwa na zege pande zote, kama milimita 50 kwenye msingi ulio ardhini, kwa sababu unyevu ukiifikia inashika kutu, na nondo yenye kutu huvimba mpaka ikalipasua zege kutoka ndani. Mji wetu uko pwani, hewa ina chumvi, na visima vingi vya Kigamboni na Mbagala vina maji ya chumvi ambayo huchanganyiwa zege bila mtu kuyaonja. Ukitembea mitaa ya zamani ya Dar es Salaam utaziona nguzo zilizopasuka kwa urefu, nondo zikichungulia zikiwa nyekundu. Watu hupiga plasta juu yake, na mwaka unaofuata ufa unarudi pale pale.

Au chukua maji ya baada ya kumwaga. Zege halikauki kama nguo. Linashika kwa kukaa na unyevu, na ndiyo maana linatakiwa kumwagiliwa na kufunikwa kwa siku 7 angalau. Nguvu yake kamili hupimwa siku ya 28. Kwenye saiti nyingi nilizopita, kumwagilia kulikuwa kazi ya mlinzi, na mlinzi humwagilia akikumbuka. Mirunda nayo huondolewa mapema kwa sababu ni ya kukodi na kila siku ina bei yake. Sina hasira na mlinzi wala na anayekodisha mirunda. Hakuna mtu katika saiti hizo aliyepewa nafasi ya kusema, kwa mamlaka ya kujua, kwamba mirunda hii haitoki kabla ya wiki mbili au tatu, kutegemea urefu wa nafasi iliyobebwa.

Tofali nazo zina kisa chake. Kila barabara ya vumbi pembezoni mwa mji ina kiwanda kidogo cha tofali: mashine moja, lundo la mchanga, vijana wanne. Mfuko mmoja wa saruji unapotoa tofali 30 za inchi sita, unapata tofali ya kujengea. Mfuko huo huo unapotoa tofali 45 au 50, unauziwa mchanga uliogandishwa kidogo. Mnunuzi anatazama bei. Fundi anayejua kazi yake huigonga tofali kwa mwiko na kusikiliza, huiangusha kutoka usawa wa kiuno, akiona inapukutika anaikataa. Lakini fundi anayelipwa kwa kila tofali aliyoijenga hana muda wa kukataa tofali. Mfumo wa malipo unamfundisha haraka kuliko mwalimu yeyote.

Tumeshaona mwisho wa mambo haya. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi katikati ya jiji liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi ya Jumamosi, jengo la ghorofa Kariakoo liliwaangukia wafanyabiashara na wateja wao, na watu wasiopungua 29 wakafariki dunia. Nchi nzima ilifuatilia sauti za walionasa chini ya kifusi. Serikali ikaunda kamati ya kukagua majengo ya Kariakoo. Maafa haya yana mambo mengi ndani yake, na makosa ya majengo makubwa huanzia kwa wenye mali, kwa wanaotoa vibali na kwa wanaotakiwa kukagua. Si haki kumbebesha fundi mwashi lawama hizo. Lakini katika mjadala uliofuata nilisikia sana habari za wahandisi, wakandarasi na bodi za usajili, na nilisikia kidogo mno habari za yule anayechanganya zege kwa mkono wake. Hatukuuliza anajua nini na nani anamfundisha.

Ukubwa wa jambo lenyewe ni huu. Sensa ya mwaka 2022, ya kwanza nchini kuhesabu majengo pamoja na watu, ilikuta majengo 14,348,372. Mengi mno kati ya hayo ni nyumba za chini za watu binafsi, zilizojengwa chumba kimoja kimoja kadiri fedha ilivyopatikana. Msingi mwaka huu, ukuta mwaka ujao, kenchi na bati mwaka unaofuata. Nyumba hizo hazikuwa na mkandarasi wala mhandisi wa kusimama saiti. Zilikuwa na mwenye nyumba na fundi wake, na maelewano ya mdomo chini ya mwembe. Ubora wa makazi ya Watanzania, kwa hiyo, uko mikononi mwa fundi wa mtaani kuliko mtu mwingine yeyote. Ukimwinua yeye umeinua nyumba nyingi kwa mkupuo mmoja.

Njia ya kumwinua ipo, tena imekuwapo kwa muda. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Fundi anafika na uzoefu wake, anahojiwa, anapewa kazi ya kufanya mbele ya mtahini, mapungufu yake yanaonekana, anapewa mafunzo mafupi ya kuyaziba, kisha anatunukiwa cheti kinachotambulika. Huhitaji kurudi kidato cha kwanza. Ofisi ya Waziri Mkuu nayo imeendesha programu ya kukuza ujuzi iliyogharamia mafunzo ya namna hiyo kwa mafundi wa fani mbalimbali. Vipo pia vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, vingi vikifundisha uashi na useremala huko wilayani. Na Serikali imekuwa ikijenga vyuo vipya vya VETA katika wilaya zaidi ya 60, huku sera mpya ya elimu ikileta mkondo wa amali kwenye shule za sekondari kuanzia mwaka 2024. Haya yote ni mema na nayapongeza kwa dhati.

Hata hivyo, karibu kila fundi niliyemuuliza kuhusu urasimishaji alikuwa hajawahi kuusikia, au aliusikia akadhani ni wa vijana waliomaliza kidato cha nne. Aliyeufahamu alikuwa na sababu zake za kutokwenda, na sababu hizo ni za kweli. Siku usiyofanya kazi ni siku usiyolipwa. Nauli ya kwenda chuoni Chang'ombe kutoka Mbopo si ndogo. Kuna pia aibu: mzee wa miaka hamsini, anayeitwa "fundi" mtaa mzima, akasimame mbele ya kijana mwenye karatasi amuulize uwiano wa plasta? Na mwisho wa yote, akirudi na cheti, nani atamwongezea hata shilingi? Wateja wake wanauliza bei tu.

Ndiyo maana nasema mwalimu amfuate fundi, badala ya kumsubiri fundi amfuate mwalimu. Zege linamwagwa Jumamosi, basi mwalimu wa uashi awe Goba Jumamosi hiyo. Aje na kipimo chake cha maji, na biskuti mkononi, afundishe wakati kazi inaendelea. Saidia fundi aone, fundi mkuu aone, na mwenye nyumba aone pia, maana yeye ndiye anayelipa na ndiye atakayelala humo ndani. Somo la dakika 20 mbele ya mashine inayozunguka linashika kuliko wiki nzima ya ubao na chaki kwa mtu ambaye tangu utotoni amejifunza kwa kutazama. Tathmini nayo inaweza kufanyika hapo hapo. Ukuta uliosimama wima mita tatu, kozi zake zimenyooka, viungo vimejaa udongo, kona zimefungana, huo ni mtihani tosha. Timazi itasema kama amefaulu.

Gharama zake? Waajiri nchini hulipa tozo ya kuendeleza ujuzi kutokana na mishahara wanayolipa, na sehemu yake huenda kwenye mafunzo ya ufundi stadi. Kiwango kidogo cha fedha hizo kikielekezwa kwa walimu wanaozunguka saiti kitagusa watu wengi kuliko majengo mapya peke yake. Halmashauri nazo hupokea ada za vibali vya ujenzi. Kila kibali ni anwani ya saiti ambayo mwalimu anaweza kuitembelea.

Na kibali chenyewe kinaweza kufanya kazi zaidi. Wenzetu Kenya, kwa sheria ya mwaka 2011, waliunda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, ambayo pamoja na kusajili wakandarasi inawatambua kwa vyeti mafundi stadi na wasimamizi wa saiti. Kenya bado majengo yanaanguka, na sheria kwenye karatasi haimwagilii zege. Lakini wamekubali jambo ambalo sisi bado hatujalisema kwa sauti: kwamba fundi ni sehemu ya usalama wa jengo. Ningependa kuona halmashauri zetu zikianza na sharti dogo, kwamba kila saiti yenye kibali iwe na fundi mkuu mmoja mwenye cheti cha ujuzi, na kwamba asiye nacho apewe mwaka mmoja na mwalimu wa kumsaidia kukipata. Sharti bila mwalimu litazaa vyeti vya kununua tu.

Yapo mengine ninayotamani yaingie kwenye mafunzo hayo. Kusoma ramani ni la kwanza. Nimekuta saiti yenye ramani nzuri, imekunjwa, iko kwenye gari la bosi, na fundi anajenga kwa kuelekezwa kwa kidole. Kukadiria vifaa, ili mwenye nyumba asidanganywe wala fundi asishukiwe wizi. Na usalama: nimeona vijana wamevaa kandambili juu ya mirunda iliyofungwa kwa kamba ya katani, urefu wa ghorofa mbili. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu mwaka 2003. Kofia ngumu na buti havigharimu kama mguu uliovunjika, na saidia fundi aliyevunjika mguu hana bima wala mshahara wa kumngojea.

Kuna pia wanawake. Karibu kila saiti niliyokwenda walikuwapo, wakibeba maji na mchanga, wakiuza chai na maharage, wachache mno wakiwa na mwiko mkononi. Mmoja nilimkuta Bunju akipiga skimu ndani ya chumba, ukuta unang'aa kama ganda la yai. Alikuwa amefundishwa na kaka yake. Wateja, alinieleza, humtazama mara mbili kabla ya kumpa kazi, na hapo ndipo cheti kingemfaa kuliko anavyokihitaji mzee aliyezoeleka mtaani.

Siwezi kuacha kuitaja Zanzibar, maana huko ndiko tunakojifunza kinachotokea ujuzi unapokatika. Mji Mkongwe ulijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa na kuozeshwa kwa muda mrefu kabla ya kutumika. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chokaa inalegea, boriti zinaoza kwenye ncha zake. Mafundi waliojua kuozesha chokaa wamepungua sana, na wanaowarithi wamelelewa kwenye saruji. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Nilisimama mbele ya uzio wake nikiwaza mafundi wa kale walioliinua. Hawakuwa na vyeti, lakini walikuwa na mlolongo usiokatika wa mtu kumfundisha mtu, kwa miaka, kazi ikiwa mbele yao. Mlolongo huo ndio ninaoutaka urudi, ukiwa na elimu ya leo ndani yake.

Halmashauri itakayotaka kujaribu kumpeleka mwalimu saiti haihitaji kusubiri bajeti kubwa. Inahitaji mwalimu mmoja wa uashi, pikipiki, orodha ya vibali vya mwezi huu, na kile kifaa cha kupimia ulaini wa zege: koni ya bati yenye kimo cha milimita 300, wazi juu na chini. Unaisimamisha juu ya bati lililo sawa, unaijaza zege kwa matabaka matatu, kila tabaka unalishindilia mara 25 kwa kipande cha nondo, unasawazisha juu, kisha unaivuta koni wima polepole. Zege linashuka. Unapima limeshuka kiasi gani kutoka kimo cha koni. Likishuka kidogo, ni zuri kwa jamvi. Likimwagika kama uji, maji yamezidi, na kijana aliyetupia ile nusu ndoo anaona kwa macho yake mwenyewe ilikwenda wapi. Kipimo hicho kinachukua dakika chache, fundi wa chuma wa Gerezani anaweza kuitengeneza koni yake, na sijaikuta hata moja kwenye saiti zote nilizopita.